Kiini Hakisubiri Macho Yetu

Ukiwa Nabuyoga, upande wa Padhola katika wilaya ya Tororo, vilima vya Sukulu haviko mbali. Vinajulikana kwa fosfeti, chuma na niobi, na ndani ya madini hayo mna urani na thori kidogo. Viini vya atomu hizo humeguka usiku na mchana, bila kusikika. Siku hizi vijana wa sekondari wanayapata kwenye simu madai ya ajabu kuhusu jambo hili, nao huyabeba hadi darasani kama sayansi kamili. Nayajibu moja moja, maana anayeishi karibu na mwamba wa aina hii anastahili kuelezwa ukweli wake.

Dai la kwanza: kiini humeguka pale tu mtu anapokitazama.

Chanzo chake ni paka wa Schrödinger. Mwaka 1935 mwanafizikia huyo alituambia tuwaze paka aliyefungiwa sandukuni pamoja na sumu itakayomwagika iwapo kiini kimoja kitameguka. Hesabu za kwanta, zikifuatwa hadi mwisho, zinampa paka uhai na kifo kwa pamoja. Schrödinger hakuamini kwamba paka anaweza kuwa hivyo. Alitaka tuone mahali ambapo nadharia inakwama. Tatizo hilo lipo hadi leo, ila macho ya binadamu hayahitajiki. Mwamba wenyewe unashuhudia: Sukulu ina apataiti, madini yanayobeba fosfeti. Kiini cha urani kinapopasuka ndani ya fuwele ya apataiti, vipande vyake huchana vijia vidogo sana, na wanajiolojia huvihesabu vijia vya namna hiyo ili kujua mwamba ulipoa lini. Mwamba ulianza kuchorwa mamilioni ya miaka kabla ya mtu yeyote kupita hapa.

Dai la pili: nusu uhai, yaani muda ambao nusu ya viini humeguka, ukipita mara mbili, kila kitu kimekwisha.

Nusu ya nusu ni robo, na robo si sufuri. Kobalti-60, inayotumika kutibu saratani, hupungua kwa nusu kila miaka 5.27. Baada ya miaka kumi na nusu hivi inabaki robo, kisha thumuni. Mashine ya mionzi ya hospitali ya Mulago ilipoharibika mwaka 2016, Uganda nzima ilijua uzito wa kukosa tiba hiyo hadi nyingine ilipozinduliwa mwaka 2018. Kwenye mashine ya kobalti, muda wa kumtibu mgonjwa hurefushwa kadiri chanzo kinavyodhoofika. Anayeiamini hesabu ya dai hili angeitupa kobalti ambayo bado ni hatari, au angempa mgonjwa dozi isiyo sahihi.

Tena kiini hakizeeki. Cha thori kilichodumu tangu dunia ianze kina uwezekano uleule wa kumeguka kesho na cha aina ileile kilichoundwa jana.

Dai la tatu: sababu ya kiini kumeguka sasa na si baadaye ipo, imefichika tu.

Ni wazo la heshima, na Einstein mwenyewe aliliegemea. Punje za mahindi ya bisi hupasuka kwa nyakati tofauti kwa sababu zinatofautiana maji na ganda. Kwa nini viini visiwe hivyo? Mwaka 1964 mwanafizikia John Bell alionyesha namna ya kulipima wazo hilo kwa majaribio. Aspect, Clauser na Zeilinger walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2022 kwa kazi iliyoonyesha kwamba siri ya aina ya bisi, ambayo kila chembe huibeba peke yake bila kuathiriwa papo hapo na kilicho mbali, hailingani na matokeo. Anayetaka kubaki na sababu iliyofichika lazima akubali athari zinazovuka umbali papo hapo. Bei hiyo ni kubwa.

Dai la nne: ukikitazama kiini bila kukoma, hakimeguki.

Hapa kuna chembe ya kweli. Wanafizikia Misra na Sudarshan waliandika kuhusu jambo hili mwaka 1977, na mwaka 1990 watafiti wa Marekani walizuia mabadiliko ya ioni za berili kwa kuzipima mara nyingi. Lakini mabadiliko hayo yalikuwa yakisukumwa na mawimbi ya redio. Hayakuwa kumeguka kwa kiini. Kwa kiini, kipimo kingelazimika kurudiwa katika vipindi vifupi mno ambavyo hakuna chombo kinachoviweza. Asidanganywe mtu kununua kifaa cha kutuliza mionzi ya udongo.

Dai la tano: wataalamu wanabishana, kwa hiyo hawajui lolote.

Wanabishana kweli. Nyutroni iliyo nje ya kiini, ikipimwa ndani ya chombo kinachoizuia, huishi wastani wa sekunde 878 hivi. Ikipimwa katika mkondo, 888 hivi. Sekunde hizo kumi zimewasumbua kwa miaka mingi. Lakini ubishi wa sekunde kumi katika karibu mia tisa ni ubishi wa watu wanaojua mengi.

Weka chombo cha kuhesabu mionzi juu ya udongo wa Sukulu. Hakitakuambia kiini gani kinafuata. Lakini kikihesabu miale 10,000 leo, kesho, mahali palepale na kwa muda uleule, tarajia tofauti ya mia moja hivi. Kwa hiyo mwenye wasiwasi juu ya udongo wake adai upimwe. Hesabu hiyo itamfaa kuliko uvumi wa kumtisha na kuliko ahadi ya kumtuliza.