Stellaris haihitaji mlipuko mwingine

Kila tetesi za kifurushi kipya cha Stellaris zikianza, story ni ile ile: safari hii tutamaliza sayari kwa njia gani? Mmoja anataka shimo jeusi la kubebeka. Mwingine anataka mionzi ya kukaanga hewa yote. Beshte yangu mmoja anataka mashine ya kuusukuma mwezi uidondokee sayari yake wenyewe, na ameshachora mpaka mchoro. Mimi nasema basi. Milipuko tunayo ya kutosha. Nataka silaha inayochelewa.

Kwa wasiocheza: Stellaris ni gemu ya mikakati ya anga ya Paradox, kampuni ya Sweden, ilitoka 2016. Unajenga himaya, unafanya biashara, unapigana na majirani. Februari 2018 wakatuletea kifurushi cha Apocalypse, na ndani yake Colossus: meli kubwa kama balaa, inatambaa polepole, haina hata bunduki ya kujitetea, lazima uisindikize. Kazi yake ni moja tu, kuikalia sayari juu na kuimaliza. Ukiwa nayo, majirani wanapata sababu ya kukupiga vita bila masharti. Hapo walifikiria vizuri.

Silaha zenyewe unachagua. World Cracker inapasua sayari vipande. Neutron Sweep inaua kila kilicho na damu na kuacha majumba yamesimama. Deluge Machine, iliyoongezwa 2021, inageuza sayari yote bahari. Na kuna Global Pacifier, ambayo inafunika sayari kwa ngao milele. Watu wako hai ndani, wanaendelea na maisha yao, lakini hakuna atakayetoka wala kuingia. Juu yake unaweza kuweka kituo cha utafiti ukawachunguza kama samaki kwenye chupa. Wasee wanaiita hii silaha ya wapole. Wallahi mimi ndiyo inayonitisha kuliko zote.

(Na wale wa shimo jeusi, jueni kitu. Setilaiti ya Uhuru ilirushwa 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kusoma eksirei za angani, na vipimo vyake vilisaidia wanasayansi kushuku kwamba Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Kwa hivyo habari za anga si za watu wengine. Tuendelee.)

Shida yangu na Colossus ni kwamba ukishabonyeza, hadithi imekwisha. Taa inawaka, sayari inapasuka, jina linabaki kwenye jiwe, unaenda kwa nyingine. Mara ya kwanza utamu. Mara ya kumi hata hutazami, uko kwa simu. Watu bilioni kadhaa wamekwenda na wewe unajibu meseji.

Sasa chukua kisiwa chetu. Mwaka 1505 meli za Francisco de Almeida zilimaliza Kilwa zikaja Mombasa. Mji ukaporwa, ukatiwa moto. Kuna barua kwenye kumbukumbu za Wareno, ya mfalme wa Mombasa kwenda kwa mwenzake wa Malindi, inayosema hakukubaki kitu kilicho hai, na uvundo wa maiti ulifanya watu waogope kuingia mjini. Kwenye Stellaris hapo ndipo hesabu inafungwa. Jiwe. Next.

Lakini 1528 akaja Nuno da Cunha na meli zake, na alikuta nini? Mji. Tena mji wa maana, wa kupigania na kuuchoma upya. 1589 wakaja tena, wakapiga tena. Yaani World Cracker mara tatu ndani ya miaka mia, kwa kisiwa ambacho leo unakivuka kwa tuktuk kabla soda haijapoa. Ndipo 1593 wakabadilisha mbinu: wakaanza kujenga Ngome, wakamleta Sultani wa Malindi akae hapa. Waliona kuchoma hakumalizi watu.

Basi hiyo ndiyo silaha ya kwanza ninayoitaka, na Paradox wakinipa moja tu nitachukua hii. Unaichoma sayari. Ramani inakuambia imekufa. Lakini sehemu ya watu wamekimbilia vichakani, mapangoni, popote, na gemu haikuonyeshi ni wangapi. Miaka inapita, umeshasahau, uko vitani upande mwingine wa galaksi. Halafu siku moja pale kwenye jivu kunatokea soko. Lile jina la zamani la sayari linarudi kwenye ramani. Utafanyaje? Kuchoma tena kuwe ghali zaidi, manake safari hii wamejifunza kujificha, na majirani wote wanakumbuka ulichofanya mara ya kwanza. Nataka nikae hapo na panya mkononi nisijue nibonyeze nini. Hio ndiyo mikakati, si kuangalia fataki.

Silaha ya pili ni kuzingira, na hapa pia hatuhitaji kubuni sana. Ngome yetu ilizingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698. Piga hesabu, karibu miaka mitatu. Maradhi yaliua ndani ya zile kuta kuliko risasi. Meli za msaada zilikuja, na mojawapo, Santo António de Tanná, ikazama hapo hapo mbele ya Ngome 1697. Vitu vilivyotolewa chini ya maji vimewekwa makumbusho mle mle ndani, nenda uvione. Na kitu ambacho shule hawakukazia: kuna wakati waliobaki kuilinda Ngome ya Mreno walikuwa zaidi ni Waswahili wa upande wa Faza, wenye ugomvi wao wenyewe na waliokuwa nje.

Hiyo kwenye gemu haipo. Sayari ikishambuliwa wote ndani wanahesabiwa kama mtu mmoja. Nipe kuzingira ambako nusu ya walio ndani wanakuombea ushinde na nusu wanakuombea ufe, na wewe pia jeshi lako linaoza huko nje kwa kungoja. Global Pacifier inafunga sayari sekunde moja na hakuna anayelala njaa. Nani ashawahi kuona kuzingirwa kwa namna hiyo?

Najua mtasema, mwanangu, ni gemu tu, tunataka kuona kitu kikipasuka. Sawa. Bakini na zenu. Hii nyongeza.

Ya tatu nimeitoa Biashara Street, na hii ndiyo ya ujanja. Ingia pale kutoka Digo Road, maduka ya leso yamepangana, mafundi na vyerehani vyao nje wanakukunjia pindo ukisubiri. Leso nyingi pale zimechapwa India na China. Ukitazama haraka utasema tumeshapigwa tayari: nguo yetu yatoka nje. Lakini neno lenyewe, leso, ni la Mreno, lenço, kitambaa cha mkono. Karne ya 19 wanawake wa Pwani walinunua vile vitambaa vilivyochapwa, wakaunga sita pamoja, wakajifunga. Halafu wakaja kuviandika majina yao, ya mafumbo, ya kumpiga jirani kijembe bila kufungua mdomo. Katikati ya leso, pale penye picha, panaitwa mji. Aliyechoma mji wetu ametuachia kitambaa, na kwenye kitambaa tumeweka mji.

Kwa hivyo silaha: unaijaza sayari bidhaa zako mpaka viwanda vyao vife. Hakuna risasi. Lakini iwe na hatari ya kurudi kwako. Wakizipokea, wakazibadilisha, wakaziandika maneno yao, baada ya miaka watu wa sayari zako ndio wanaozitaka, na huwezi kuzuia kwa sababu wewe ndiye uliyefungua njia.

Paradox wakitaka kuanza na ile ya kwanza, muda wa kungoja kabla watu hawajaibuka nimeshawahesabia. 1528 kutoa 1505. Waweke miaka 23.