Habari za Wahitimu, na Zile Zisizoandikwa

Watu waliosoma darasa moja hawaachi kuulizana habari. Mahafali yakiisha kila mmoja hushika njia yake, lakini swali hubaki moyoni: fulani yuko wapi siku hizi, na amefikia wapi? Hakuna ubaya katika swali hilo. Ni dalili ya utu kumkumbuka uliyegawana naye daftari na sahani ya maharage. Hata hivyo, ndugu msomaji, leo napenda tulitazame kwa makini jibu ambalo watu hulitoa, maana jibu hilo limewaliza wengi kimya kimya ndani ya nyumba zao.

Katika nchi zilizoendelea vyuo vya biashara vimelifanya swali hilo kuwa desturi yenye utaratibu kamili. Chukua mfano wa Chuo cha Biashara cha Harvard, kilichoanzishwa nchini Marekani mwaka 1908. Kila darasa lililohitimu huwa na katibu wake. Kazi ya katibu ni kukusanya habari za wenzake: nani amepanda cheo, nani ameanzisha kampuni, nani ameoa, nani amepata mjukuu, nani ametangulia mbele ya haki. Habari hizo huchapishwa katika jarida la wahitimu kwa kufuata mwaka wa kuhitimu, na kila baada ya miaka 5 darasa hualikwa kukutana tena chuoni.

Hapa kwetu, tangu Chuo cha Elimu ya Biashara kilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1965, maelfu ya vijana wamesomea uhasibu, ugavi na uongozi wa biashara katika vyuo mbalimbali. Nao wana desturi hiyo hiyo, ingawa jarida lao aghalabu ni kundi la WhatsApp. Picha ya ofisi mpya huingia asubuhi, na pongezi humiminika hadi usiku. Basi tujiulize: habari za namna hii hupima nini hasa katika maisha ya mtu?

Darasa mashuhuri kuliko yote katika historia ya chuo hicho cha Harvard ni lile la mwaka 1949. Lilikuwa na wahitimu zaidi ya 600, wote wanaume, na wengi wao walikuwa wametoka vitani. Sheria iliyotiwa saini na Rais Roosevelt mwaka 1944 iliwalipia askari waliorudi nyumbani karo na posho ya kujikimu, na kwa hiyo vijana ambao wazazi wao wasingeweza kuwalipia waliingia chuoni pamoja na wana wa matajiri. Walihitimu wakati uchumi wa nchi yao ulipokuwa ukipanuka kwa kasi. Mwaka 1974, robo karne baadaye, jarida la Fortune liliwaandika na kuliita darasa lao darasa lililoangukiwa na dola.

Na kweli ziliwaangukia. Peter McColough aliongoza Xerox, kampuni ya mashine za kunakili. Marvin Traub aliongoza Bloomingdale's, duka kubwa la New York. Thomas Murphy alianza mwaka 1954 na kituo kidogo cha televisheni katika mji wa Albany, kikiwa ndani ya jengo chakavu lililokuwa makazi ya watawa wazee; miaka 30 baadaye kampuni yake ilikubaliana kulinunua shirika zima la televisheni la ABC kwa dola bilioni 3.5. Katibu wa darasa hakukosa la kuandika.

Katika darasa hilo alikuwemo pia James Burke. Mwaka 1976 alikuwa mkurugenzi mkuu wa Johnson & Johnson, kampuni ya dawa na vifaa vya hospitali. Katika habari za wahitimu huo ni mstari mmoja tu: jina, cheo na kampuni. Lakini mtihani wa Burke ulikuja miaka 33 baada ya kutoka chuoni. Mwishoni mwa Septemba 1982 watu 7 walikufa katika eneo la Chicago baada ya kumeza vidonge vya Tylenol, dawa ya maumivu iliyotengenezwa na kampuni yake. Mtu fulani alikuwa ametia sumu ya sayanaidi ndani ya vidonge hivyo.

Kiwandani hakukuwa na kosa, kwani vidonge vilichezewa vilipokuwa tayari vimefika madukani. Burke angeweza kujitetea kwa hoja hiyo, akaondoa chupa za Chicago peke yake. Badala yake kampuni iliondoa madukani nchi nzima chupa zipatazo milioni 31, ikawatahadharisha wananchi wasitumie dawa yake yenyewe, na ikakubali hasara ya dola zipatazo milioni 100. Baadaye dawa ilirudi sokoni ikiwa na vifungashio vinavyoonyesha dhahiri kama vimefunguliwa, na wanunuzi wakairudia.

Sasa mlinganishe Burke na mhitimu mwingine wa chuo hicho hicho. Jeffrey Skilling alihitimu mwaka 1979, akiwa miongoni mwa wanafunzi bora kabisa wa darasa lake. Mwezi Februari 2001 akawa mkurugenzi mkuu wa Enron, iliyohesabiwa miongoni mwa kampuni kubwa za Marekani. Desemba ya mwaka huo huo Enron ilifilisika, baada ya kubainika kwamba hesabu zake zilipikwa ili kuficha madeni. Maelfu ya wafanyakazi walipoteza kazi, na wengi walipoteza hata akiba ya uzeeni, kwa kuwa ilikuwa imewekwa katika hisa za kampuni hiyo. Mwaka 2006 Skilling alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 24, ambacho mwaka 2013 kilipunguzwa hadi miaka 14, naye akatoka mwaka 2019.

Hebu fikiri, ndugu msomaji. Habari za Burke katika mwaka 1981 na habari za Skilling katika masika ya mwaka 2001 zingeandikwa kwa mstari wa namna moja: mkurugenzi mkuu wa kampuni kubwa. Aliyesoma mistari hiyo miwili asingeweza kutambua ni yupi ambaye wafanyakazi wake wangelala usingizi na yupi ambaye wake wangelala njaa. Cheo humweleza mtu mahali alipoketi. Namna anavyoketi hapo hakielezi.

Liko jambo la pili ambalo mistari hiyo huliacha, nalo linahusu nyumba. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Wale vigogo wa mwaka 1949 walihama mji hadi mji kufuata vyeo. Kila uhamisho una mtu aliyefunga vyombo, akatafuta shule mpya, akamtuliza mtoto aliyelilia rafiki zake. Jina lake halikuwa katika orodha ya darasa, kwa sababu chuo hakikuwapokea wanawake katika mwaka wa kwanza wa shahada yake ya uongozi wa biashara hadi mwaka 1963, na walioanza mwaka huo walikuwa 8 tu.

Je, baada ya mlango kufunguliwa, mambo yalibadilika nyumbani? Mwaka 2014 watafiti Robin Ely, Pamela Stone na Colleen Ammerman walichapisha matokeo ya uchunguzi uliowahoji wahitimu zaidi ya 25,000 wa chuo hicho, wanaume kwa wanawake. Katika vizazi vya wakubwa, zaidi ya nusu ya wanaume walisema kwamba walipohitimu walitazamia kazi zao zitangulizwe mbele ya kazi za wake zao. Wanawake wengi, kwa upande wao, walikuwa wametazamia usawa. Yaliyotokea yakafuata zaidi matarajio ya wanaume. Tena watafiti waliona kwamba katika vizazi hivyo wanawake walioacha kazi kabisa ili kulea watoto walikuwa asilimia 11 tu. Kwa hiyo ule usemi kwamba mwanamke msomi hurudi nyuma kwa hiari yake, eti kwa kuwa moyo wake uko jikoni, hauna mashiko. Mara nyingi nyumba ilikuwa imekwisha kuamua kabla yeye hajaulizwa.

Sababu ya nyumba kusahauliwa ilielezwa vizuri na mhitimu mwingine wa mwaka 1979, Clayton Christensen, aliyekuja kuwa profesa katika chuo hicho na kufariki mwaka 2020. Mwaka 2010 aliwausia wanafunzi waliokuwa wakihitimu. Aliwaambia kwamba kila alipohudhuria mikutano ya darasa lake aliona wenzake wengi zaidi wasio na furaha, waliotalikiana au waliotengana na watoto wao, ilhali hakuna hata mmoja aliyetoka chuoni akiwa amepanga kuishi hivyo. Alimtaja pia Skilling kuwa mwanadarasa mwenzake.

Maelezo ya Christensen yalikuwa mepesi kueleweka. Mtu mwenye bidii akipata nusu saa ya ziada huipeleka mahali panapoonyesha matokeo upesi, na mahali hapo ni kazini: bidhaa imeuzwa, mkataba umetiwa saini, cheo kimepandishwa. Malezi hayana matokeo ya jioni moja. Mtoto uliyemkagua madaftari leo atakuonyesha faida yake baada ya miaka 20. Basi nusu saa moja moja zinaondoka nyumbani, na hakuna siku hata moja ambayo baba au mama aliamua kuitupa familia yake.

Nami naongeza kwamba habari za wahitimu huikuza hali hiyo. Ukurasa unataka neno jipya kila toleo, na kundi la simu linataka neno jipya kila siku. Nyumba yenye amani haina jipya la kutangaza. Nani aliyewahi kupongezwa na darasa zima kwa sababu amekula chakula cha jioni na wanawe mwaka mzima?

Tusisahau pia wale ambao hawaandiki kabisa. Katika kila darasa wako watu ambao jina lao halionekani, toleo baada ya toleo, na wenzao hudhani wana shughuli nyingi. Mashirika ya umma yalipobinafsishwa katika miaka ya 1990, wahasibu na mameneja wengi wa hapa nchini walipunguzwa kazi. Baadhi yao waliacha hata kuhudhuria harusi, kwa kuogopa kuulizwa, "Siku hizi uko wapi, bwana?" Swali la mapenzi liligeuka kuwa mwiba. Na mwiba huo huchoma hata leo, kijana mwenye stashahada anapozungusha maombi ya kazi huku wenzake wakibandika picha za meza zao mpya.

Lakini ni nani aliyesema elimu ya biashara huondoka pamoja na ofisi? Mtu aliyepoteza kazi, akashika daftari la kikundi cha kuweka na kukopa cha mtaa wake, na kila mwanachama akapata haki yake bila shilingi kupotea, anaitumia elimu yake kwa namna ambayo wakubwa wa Enron walishindwa kuitumia. Mama aliyesomea ugavi, na sasa anawafundisha wenye magenge ya mboga kutenga mtaji na matumizi ya nyumbani, ana habari iliyokomaa. Inafaa kuandikwa, na inafaa kusomwa.

Kwa hiyo wahitimu wetu na wafanyeje? La kwanza, anayeongoza kundi la darasa asikae akingoja wanaojisifu. Achukue orodha ya mahudhurio ya zamani, atafute majina yaliyonyamaza, ampigie simu mmoja mmoja kila wiki, wala asianze kwa kuuliza kazi. Aanze kwa kuuliza hali.

La pili, anayeleta habari zake na azilete zikiwa kamili. Ukitaja cheo, mtaje na aliyebeba nyumba ulipokuwa masomoni au safarini. Ukitaja mafanikio ya idara yako, waeleze wenzako siku ngumu uliyopambana nayo na uamuzi uliouchukua. Kijana anayeanza kazi atafaidika na habari hiyo kuliko picha ya gari.

La tatu ni la mume na mke. Kabla ya kupokea uhamisho au wadhifa mpya, kaeni chini mlihesabu jambo hilo kama mlivyofundishwa chuoni, mkiandika pande zote mbili za daftari. Upande mmoja andikeni mshahara na marupurupu. Upande wa pili andikeni kazi ya mwenzi itakayosimama, shule ya watoto, mzee anayehitaji kutazamwa. Mhasibu anayejaza upande mmoja tu na kuuacha mwingine mtupu hufukuzwa kazi. Sioni kwa nini tumsamehe akifanya hivyo nyumbani.

Mwaka huu pia vyuo vitatoa wahitimu, na wazazi watakodi mabasi na kushona sare. Tuwapongeze kwa moyo mmoja. Kisha, miaka ikipita na wakaulizwa wamefikia wapi, tuwape nafasi ya kujibu wakiwa wamepanda au wakiwa wameteleza, na tuwasikilize kwa heshima ile ile.