Ramli za Wahiti: Ushirikina au Baraza la Vita?

Wasomaji wengi wa Kiswahili wanamjua Mhiti mmoja tu: Uria, yule askari wa Daudi aliyetwaliwa mkewe kisha akapelekwa penye vita vikali ili afe. Ilhali karne kadha kabla ya Daudi kuzaliwa, baina ya mwaka 1650 na 1180 K.K. hivi, Wahiti walikuwa na dola iliyotawala sehemu kubwa ya nchi ambayo leo ni Uturuki na kushuka hadi Shamu. Mji wao mkuu ulikuwa Hattusa. Mwaka wa 1906 Hugo Winckler na Theodor Makridi walianza kuuchimba, na yakafukuliwa humo maelfu ya mabamba ya udongo yenye maandishi. Mengi kati ya hayo ni kumbukumbu za ramli, na aghalabu msomaji wa leo akishasikia neno hilo huwa amekwisha kutoa hukumu: ushirikina! Hukumu hiyo ni ya pupa.

Kwanza itazamwe kazi yenyewe ilivyofanywa. Wahiti walikuwa na njia kadha za kuuliza miungu. Waaguzi wa ndege walitazama ndege wametokea wapi na wamevuka upande gani. Wengine walichinja kondoo wakakagua ini na nyongo, wakahesabu hata mikunjo ya utumbo. Njia ya tatu, ambayo pengine ndiyo inayosisimua zaidi, ilikuwa ya kura za ishara, nayo ilikuwa mikononi mwa wanawake wenye cheo cha ‘Mwanamke Mzee’. Kila ishara ilikuwa na jina: mfalme, adui, vita, uhai, na kadhalika. Ishara moja ‘ilitwaa’ nyingine na kumpa mpokeaji, na kutokana na mwendo huo jibu likasomwa. Jibu lenyewe lilikuwa moja kati ya mawili, jema au baya. Tena halikuaminiwa hivi hivi. Lililopatikana kwa kura liliweza kupelekwa kwa kondoo, kisha kwa ndege, ili lithibitishwe.

Maadamu miungu ilijibu ndiyo au la tu, ni nani aliyeleta mpango? Ni binadamu. Hapa ndipo penye kiini cha suala. Lipo bamba refu la karne ya 13 K.K. linalohusu vita dhidi ya Wakaska, watu wa milima ya kaskazini waliowasumbua Wahiti kwa vizazi na vizazi na kuwanyang’anya mji mtakatifu wa Nerik. Katika bamba hilo mfalme haulizi kama atashinda, basi. Anaweka njia moja mbele ya miungu, kisha nyingine. Anauliza kuhusu kupita Mlima Haharwa, kuhusu mji upi ushambuliwe na jeshi lielekee wapi baadaye. Pendekezo likikataliwa, hurekebishwa na kuulizwa upya. Mtu akiyaondoa majina ya ishara akabakiza maswali peke yake, atakuwa ameshika mkononi kumbukumbu za baraza la majemadari. Hofu zao zote zimo humo, na hakuna jemadari aliyelazimika kukiri kwa kinywa chake kwamba anaogopa.

Atatokea wa kupinga kuwa mfalme aliweza kuuliza na kuuliza mpaka apate alitakalo. Ni kweli, na kisa cha Nuwanza kinaonyesha jinsi ramli ilivyoweza kuwa fimbo ya mtawala. Nuwanza, jemadari wa Mursili wa Pili, alisita kuwakabili adui wa Hayasa kwa kuwa uaguzi haujamridhisha. Mursili, aliyekuwa mbali huko Shamu, alimpelekea ujumbe kwamba amekwisha kumtazamia yeye mwenyewe, kwa ndege na kwa viungo vya kondoo, na mambo ni mema. Basi na aende. Nuwanza akaenda, akashinda. (Anayesimulia ni Mursili mwenyewe katika tarihi yake, kwa hiyo msomaji na awe macho.)

Lakini fimbo hiyo hiyo ilimpiga mwenyewe. Katika enzi ya Mursili huyo huyo nchi iliangamizwa na tauni kwa miaka mingi, tauni iliyoletwa na mateka wa vita vya Misri. Ramli zilipoulizwa, mojawapo ya sababu zilizothibitika ilikuwa kwamba baba yake, Suppiluliuma, alivunja kiapo cha mkataba na Misri alipoishambulia. Mwana akakiri mbele ya miungu, na maandishi yakawekwa, kwamba vita vya baba yake vilikuwa vya dhuluma. Ni nani katika baraza la mfalme angethubutu kuyatamka hayo kama si kwa ulimi wa ramli?

Suala hili halihusu Wahiti peke yao. Kiswahili kina utajiri wa msamiati katika uwanja huu: ramli, fali, falaki, kupiga bao, kuagua. Hata hivyo, mwanafunzi wa fasihi akikutana na mhusika anayemwendea mganga kabla ya vita, huandika ‘ushirikina’ chini ya maudhui, akapiga mstari na kuendelea. Hamuulizi mhusika huyo alipeleka swali gani, wala ni nani aliyelitunga, wala jibu lilimnyamazisha nani. Ukumbi mzima wa siasa unafungwa kwa neno moja, na mhakiki ndiye aliyeshika ufunguo.

Miongoni mwa mabamba ya Hattusa yamo pia yanayouliza mfalme akae wapi majira ya baridi, vita vikiwa vimesimama. Je, akikaa Hattusa, kuna la kuhofia juu ya uhai wake? Swali linarudiwa, linagawanywa, linapelekwa kwa njia hii na ile. Waliokuwa wakiuliza walijua vyema kwamba mfalme hauawi na Wakaska tu.