Ukifukiwa duarani, nani atailipa familia yako?

Tarehe 11 Agosti 2025, maduara yalititia katika mgodi wa wachimbaji wadogo wa Nyandolwa, mkoani Shinyanga. Watu 25 walifukiwa. Kila ajali ya namna hii ikitokea, katika ukanda wetu wa dhahabu hurudi swali lilelile: aliyekufa au kuvunjika mgongo chini ya ardhi, familia yake inalipwa na nani?

Jibu liko kwenye karatasi mbili ambazo wengi huzichanganya.

Karatasi ya kwanza ni leseni. Leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa na Tume ya Madini kwa Watanzania, na hudumu miaka 7 kabla ya kuhuishwa. Lakini leseni hiyo ni ya eneo na ya mwenye leseni. Haimtaji kijana anayeshuka na kamba, wala haisemi amefundishwa nini.

Tuchukue mfano wa wazamiaji wanaokwenda kutazama samaki Zanzibar na Mafia. Cheti cha mzamiaji kina jina lake mwenyewe. Mwenye cheti cha kwanza huishia mita 18, aliyeongeza mafunzo mita 30, na mwisho wa kuzamia kwa burudani ni mita 40. Zipo bima zisizomlipa aliyepita kina alichofundishwa. Kwa hiyo mzamiaji anajua, kabla hajashuka, amelindwa mpaka wapi. Mchimbaji wetu anaweza kushuka mara mbili ya hapo bila kujua kama amelindwa hata kidogo.

Na kadiri unavyoshuka, ndivyo hatari inavyozidi. Matimba hubeba uzito mkubwa zaidi, moshi wa baruti huchelewa kutoka, na maji ya mvua hukusanyika chini. Oktoba 2015, wachimbaji walifukiwa Nyangarata, wilayani Kahama. Watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41, na mmoja wao akafariki baadaye. Januari 2017, watu 15 walifukiwa katika mgodi wa RZ, Nyarugusu, mkoani Geita. Hao wote walitolewa hai baada ya siku tatu.

Karatasi ya pili ni ya ajira, na hapa ndipo fidia ilipo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, hugharimia matibabu, hulipa fidia ya ulemavu, mazishi na pensheni ya wategemezi. Anayechangia ni mwajiri, na mfanyakazi hakatwi kitu kwenye mshahara wake. Lakini Mfuko huo ni wa waajiriwa.

Tatizo ni kwamba duarani wengi hawana mshahara. Wanagawana mifuko ya mawe: mwenye leseni na wake, mwenye duara na yake, wachimbaji na yao. Mawe yakiwa na dhahabu, wote ni washirika. Duara likititia, kila mmoja husema mchimbaji si mtu wake.

Sheria haijamwacha kabisa. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inaruhusu mtu kuhesabiwa mwajiriwa hata bila mkataba wa maandishi, kwa mfano kama saa zake za kazi hupangwa na mwingine, au kama vifaa anavyotumia amepewa. Shida ni ushahidi. Mjane atathibitishaje kama hata jina la mumewe halikuandikwa popote?

Kwa hiyo, msikilizaji, kabla ya kushuka fanya haya. Uliza mwenye leseni ni nani, na mwenye duara ni nani. Uliza kama wamesajiliwa WCF, na kama jina lako limo. Hakikisha pana daftari la wanaoingia na wanaotoka kila zamu, kwa kuwa daftari hilo huwasaidia waokoaji leo na familia kesho. Piga picha ukurasa wenye jina lako, umtumie mtu wa nyumbani.

Ajali ikitokea, toeni taarifa mapema. Ikipita miezi 12 bila mwajiri au Mfuko kujulishwa, haki ya fidia hupotea.

Na kama mwenye duara anakataa hata kuandika jina lako daftarini, hilo peke yake limeshakujibu nani atakulipa.