Kilo zikirudi, usifunge kibanda

Mwaka juzi nilipungua kilo 14, na soko zima la hapa Puta likanisikitikia. Mwaka huu kilo 11 zimerudi, na watu wale wale wananipongeza. "Sasa umepona," wananiambia, huku wakinishika mkono. Hawajui kwamba presha nayo imerudi.

Mimi ni mchuuzi wa samaki. Nanunua hapa ufukweni mwa Ziwa Mweru, navuka kuuza Pweto, na mzigo ukiwa mzuri nafika Lubumbashi. Nilianza kupunguza mwili kwa sababu moja tu: nesi alinipima presha mara tatu, akaniambia nisipobadilika nitaanguka siku moja juu ya magunia yangu. Niliacha soda, nikapunguza ugali na mafuta, nikaacha kupanda baiskeli ya abiria kila asubuhi na kwenda kwa miguu. Presha ikashuka.

Biashara nayo ikashuka. Mteja wangu wa Pweto aliniuliza mbele za watu, "Mama, uko mgonjwa?" Mama mmoja aliyekuwa akinipa mzigo kwa mali kauli miaka nenda rudi akaanza kutaka fedha mkononi. Sikumlaumu sana. Kwetu mpakani mwili ni dhamana. Anayekukopesha hutazama mashavu yako kabla ya kutazama daftari lako.

Hofu hiyo ina historia yake, na si ya Mweru peke yake. Mwaka 1985 madaktari waliandika kuhusu wagonjwa wa Rakai, Uganda, waliokuwa wakikonda hadi kufa. Wenyeji waliuita ugonjwa huo "Slim". Ng'ambo ya mpaka, Kagera, watu waliuita "Juliana", kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Tangu mwanzo, basi, UKIMWI, kukonda na mfanyabiashara wa mpakani vilitajwa kwa pumzi moja. Na sisi wa huku tuna kumbukumbu ya vita. Pweto ilipoangukia mikononi mwa waasi Desemba 2000, maelfu walivukia Zambia. Mwaka 2017 wakaja wengine, na mwaka uliofuata makazi ya Mantapala yakafunguliwa Nchelenge. Aliyeona watu wakifika na njaa hawezi kumcheka anayesema unene ni neema.

Lakini mambo yamebadilika. Anayetumia vizuri dawa za kufubaza virusi hakondi tena, na wengine hunenepa. Anayeuawa na presha au sukari mara nyingi anakufa akiwa na mashavu yake. Mwili hausemi tena kile tulichozoea kukisoma.

Sasa kilo zangu zilirudi vipi? Hazikurudi siku moja. Tarehe 1 Desemba uvuvi hufungwa ziwani hadi mwisho wa Februari, ili samaki wazaliane. Miezi hiyo mitatu kazi yangu ya kutembea alfajiri haipo. Kuna Krismasi, kuna matanga, kuna safari ndefu za kutafuta bidhaa nyingine. Usiku stendi chakula ni vitumbua vya ngano na soda. Nilijiambia nitaanza tena Machi. Machi ilipofika kitenge hakikubaki na ncha ya kuchomeka, nami nikaona aibu, nikaacha kabisa kupanda kwenye mizani. Kosa langu kubwa lilikuwa hilo la mwisho. Vitumbua vilikuja baadaye.

Wataalamu wanatuondolea sehemu ya aibu hiyo. Mwaka 2011 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya watu 50 waliopunguzwa uzito kwa wiki kumi. Mwaka mmoja baadaye homoni za njaa zilikuwa bado zinawasukuma kula. Mwaka 2016 mtafiti Kevin Hall wa Marekani naye alieleza hali ya watu 14 waliokuwa wamepungua sana katika shindano la televisheni. Baada ya miaka sita wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo zao, na miili yao ilikuwa inatumia nishati kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Maana yake ni kwamba mwili huhesabu kilo ulizotoa kama deni, nao hulidai. Anayerudi nyuma si mvivu wala mlafi. Amefuatwa na mdai.

Hata hivyo mdai hakimbiwi; hulipwa kidogo kidogo. Marekani kuna daftari la kitaifa lililofunguliwa mwaka 1994 la watu waliopungua na kubaki hivyo. Wengi wao wana tabia mbili zinazofanana: hutembea au kufanya mazoezi karibu saa moja kwa siku, na hujipima mara kwa mara ili kilo mbili zinazorudi zionekane kabla hazijawa kumi. Hakuna mchuuzi asiyeelewa hilo. Nani kati yetu hununua samaki bila mizani?

Kwa hiyo mimi nimeanza tena, na nimeanza kwa kupiga hesabu. Nilipoteza 14, zimerudi 11. Bado nina tatu mkononi, na ujuzi wa kufanya hivyo sijaupoteza. Mtaji ukiliwa mtu hafungi kibanda. Hukaa chini, akaona umeliwa wapi, akaziba hapo. Wangu uliliwa Desemba na stendi. Basi safari hii sisubiri Machi. Najipima kila Jumatatu kwenye mizani ile ile. Safarini nabeba muhogo wa kuchemsha, karanga na maji yangu. Ugali siuachi, kwa sababu siwezi kuishi bila ugali na sitaki kudanganya, lakini naukata nusu, na nafasi yake inachukuliwa na kisamvu, ambacho wenzetu wa Kongo wanakiita sombe. Dawa za presha nameza hata siku ninayojisikia vizuri. Na anayepungua bila kukusudia asijipongeze, aende akapimwe.

Mengine hayamo mikononi mwangu. Soda moja ya mililita 330 ina takribani gramu 35 za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani linasema ni bora zaidi mtu mzima asizidi kama gramu 25 kwa siku. Lakini kwenye ukanda ambao kipindupindu hurudi mara kwa mara, soda ndiyo kinywaji ambacho msafiri anakiamini. Mnaotoza ushuru kwenye masoko ya mpakani, kote katika kanda hii, tuwekeeni bomba la maji salama, na karibu nalo meza ya kupima presha na uzito. Mizani ya kupima magunia yetu mnazo tayari.

Kwenu wafanyabiashara wenzangu nina ombi dogo zaidi. Mkimwona mama amepungua, msimuulize ugonjwa mbele ya wateja. Mkimwona amenenepa, msimpongeze kabla hamjajua hali yake. Muulizeni habari za biashara na watoto. Na mnapotoa mali kauli, tazameni kama alilipa mara ya mwisho.

Yule mama wa mali kauli amerudi kunikopesha, kwa sababu ya mashavu. Nimepokea mzigo wake, kwa kuwa nauhitaji. Nimemwambia ukweli pia: mwakani nitakuwa mwembamba tena, nami nitamlipa siku ile ile ninayomlipa sasa. Amecheka. Tutaona.