Shule ikipewa adhabu na serekali, siku zinahesabiwa tangu barua

BUKAVU – Shule inafungwa, prefe anasimamishwa, ao kibali cha shule kinaondolewa. Mara nyingi kinachofuata ni safari za ofisini: wakubwa wa shule wanaomba musamaha kwa mudomo, wanaambiwa warudi juma lijalo. Lakini kuomba kwa mudomo hakusimamishi siku ambazo sheria inahesabu.

Sheria namba 16/027 ya tarehe 15 Oktoba 2016, inayopanga makorti ya utawala, inataka kwanza shule iandikie mukubwa aliyetia sahihi, ndani ya miezi 3 tangu kupokea barua, imuombe aondoe ao abadilishe uamuzi wake. Akinyamaza miezi 3, kimya hicho ni sawa na kukataa. Ndipo inawezekana kwenda korti: Conseil d'État, Kinshasa, kama ni waziri aliyetia sahihi, korti ya utawala ya rufaa kama ni mukubwa wa jimbo. Anayeruka hatua ya kwanza, kesi yake inakataliwa hata kabla ya kuangalia nani ana haki.

Tupige hesabu. Barua imefika tarehe 10 Septemba. Shule inajibu tarehe 10 Desemba. Kimya kinafika mwisho tarehe 10 Machi. Masomo yanafungwa mwanzoni mwa Julai. Shule inaweza kushinda wakati mwaka wa watoto umekwisha kupotea. Ndiyo maana inafaa kuandika juma lile lile la kwanza. Avoka naye anaweza kumuomba hakimu asimamishe adhabu kwa haraka, akionyesha masomo yanayopotea.

Barua yenyewe iseme mambo ya sheria. Je, shule ilisikilizwa? Aliyetia sahihi ana mamlaka hayo? Sababu ni za kweli? Shule ya musingi ya serekali inayoshitakiwa kutoza wazazi, wakati masomo hayo ni bure tangu Septemba 2019, ilete daftari la feza, risiti na PV za komite ya wazazi.

Tangu Februari 2025 muji uko mikononi mwa AFC/M23, na mahakimu wa serekali hawafanyi kazi humu kama zamani. Aliyetia sahihi anaweza kuwa mbali. Kwa hiyo barua itumwe kwa njia inayoacha alama, na kopi moja ibaki shuleni ikiwa na tarehe ya kupokelewa. Bila tarehe hiyo, hata shule yenye haki itakosa cha kumuonyesha hakimu.