Springi ya nyuma ya pikipiki kuukuu isinunuliwe kwa macho

Msimu wa mavuno unapoanza, maduka ya spea za pikipiki huona wateja wa aina moja. Ni mkulima au mfanyabiashara wa mazao mwenye pikipiki ya zamani, nyuma imelala, tairi inagusa madigadi kila akipita kwenye korongo, naye anaomba apewe "shokapu ngumu". Muuzaji anashusha jozi kutoka kwenye rafu, anaibonyeza kwa kiganja, anasema hii ni ngumu, na biashara imekwisha. Hakuna aliyeuliza pikipiki inabeba nini, wala inabeba kilo ngapi.

Tunaona utaratibu huu unawagharimu wakulima fedha nyingi kuliko wanavyodhani, na gharama yenyewe haionekani dukani. Inaonekana sokoni, mayai yakihesabiwa na nyanya zikimwagwa kutoka kwenye tenga.

Kwanza ni vyema ikaeleweka kwamba shokapu ni vitu viwili katika kimoja. Kuna springi, ambayo kazi yake ni kubeba uzito, na kuna mtungi wa mafuta ulio ndani, ambao kazi yake ni kuizuia springi isirushe mzigo baada ya kubanwa. Pikipiki iliyochoka mara nyingi imeharibika mtungi kuliko springi. Kuna jaribio rahisi: bonyeza kiti cha nyuma kwa nguvu kisha achia. Ikipanda na kutulia, mtungi ni mzima. Ikiendelea kucheza juu na chini, au ukiona mafuta yametapakaa kwenye fimbo ya shokapu, mtungi umekufa. Ukifunga springi ngumu juu ya mtungi uliokufa unaongeza nguvu ya kurusha bila kuwepo cha kuizuia, na pikipiki itayumba vibaya zaidi ya mwanzo.

Springi yenyewe huzeeka kwa kufupika. Itoe, isimamishe mezani karibu na mpya ya aina ileile, upime kwa rula. Kama moja imefupika kuliko mwenzake, badilisha zote mbili, kwa sababu zikitofautiana uma wa nyuma unasukumwa upande mmoja.

Sasa tuje kwenye ugumu. Ugumu wa springi hupimwa kwa kilo zinazohitajika kuibana milimita moja. Tuchukue mfano wa pikipiki ya sisi 125 ya miaka mingi, zile za muundo wa Honda CG125 iliyoingia sokoni mwaka 1976 na ambayo injini yake imeigwa na viwanda vingi vya China. Tuseme ekseli zake mbili zimeachana sentimita 120, shokapu za nyuma zinaweza kushuka milimita 80, na springi zimebanwa milimita 10 tangu zilipofungwa. Sehemu ya uzito wa pikipiki inayoegemea springi za nyuma ni kama kilo 35. Dereva wa kilo 65 anaongeza kama 43 nyuma, maana uzito wake mwingine unakwenda mbele. Jumla kilo 78.

Weka gunia la kilo 100 kwenye keria. Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Keria ya pikipiki hizi hutokeza nyuma ya ekseli, na mzigo uliokaa nyuma ya ekseli hufanya kazi kama mwenzo. Katikati ya gunia ikiwa sentimita 15 nyuma ya ekseli, tairi la nyuma halibebi kilo 100 bali 112 na nusu, na hizo 12 na nusu za ziada zinatolewa kwenye tairi la mbele. Ndiyo maana usukani unakuwa mwepesi na taa inamulika miti. Kuisogeza keria mbele, au kuufunga mzigo karibu na mgongo wa dereva, ni nafuu isiyohitaji springi yoyote.

Basi springi mbili zinabeba kilo 190 kwa pamoja. Kama kila moja ni ya kilo 1.5 kwa milimita, zote mbili ni kilo 3. Gawa 190 kwa 3, toa zile milimita 10 za awali, unapata kushuka kwa milimita 53. Zimebaki 27 tu za kupokea mashimo, na kwenye barabara zetu za vijijini hizo zinaisha kwenye korongo la kwanza. Springi za kilo 2 zitashuka milimita 38. Za kilo 2.5 zitashuka 28.

Mtu atasema basi tununue za 2.5 tumalize. Lakini dereva huyohuyo akirudi bila mzigo, springi hizo zitashuka milimita 6 tu. Tairi haliwezi kufuata shimo, linaruka juu yake, na breki ya nyuma inashika hewani. Springi za kilo 2 zitashuka 10 hivi, na za kilo 1.5 zitashuka 16. Kwa maoni yetu mtu anayebeba mazao atafute springi ambayo kwa mzigo wake wa kawaida inatumia nusu ya nafasi au pungufu kidogo. Akiwa peke yake iendelee kushuka walau milimita 10. Katika mfano huu ni ile ya kilo 2. Kwa pikipiki ambayo shokapu zake zimelala au zimeshikwa mbele ya ekseli, springi hubanwa kwa nguvu kubwa zaidi, hivyo aongeze kidogo.

Mzigo wa kawaida ni upi? Hapa ndipo mchumi anapotofautiana na fundi. Trei 10 za mayai ni mayai 300, yenye uzito usiozidi kilo 20. Tuseme yai ni shilingi 300, mzigo huo una thamani ya shilingi 90,000. Gunia la mahindi la kilo 100, tuseme kwa shilingi 700 kilo, ni 70,000. Mzigo mwepesi ndio wenye fedha nyingi, na ndio unaovunjika. Mfugaji anayepeleka mayai mara mbili kwa wiki na mahindi mara mbili kwa mwaka, halafu akafunga springi za gunia, anaendesha mayai yake juu ya chuma kwa mwaka mzima. Yakivunjika kumi tu kila safari, ni shilingi 3,000, na kwa safari nane za mwezi ni 24,000. Huyu abaki na springi za kilo 1.5, ambazo kwa mayai na dereva zitashuka kama milimita 23, na siku ya mahindi agawe gunia mara mbili.

Mkulima wa nyanya wa Ilula au wa mboga wa Mgeta, ambaye kila safari ni tenga zito na barabara ya mawe, hesabu yake ni nyingine. Yeye springi ikigonga mwisho, pigo lote linakwenda kwenye nyanya za chini ya tenga, na mnunuzi hulipangia bei tenga zima kwa kuangalia hizo za chini.

Shokapu nyingi zina pete chini ya springi yenye ngazi, kwa kawaida tano. Pete hii haibadilishi ugumu hata kidogo, ingawa wengi wanaamini hivyo. Inaibana springi zaidi tangu mwanzo, hivyo nyuma inasimama juu zaidi. Ikiongeza milimita 8, springi zile za kilo 1.5 zenye gunia zitashuka 45 badala ya 53. Inafaa siku ya gulio, kisha irudishwe.

Kuhusu mbinu za gereji, kuna moja inayotusikitisha. Springi iliyolegea hukatwa mzunguko mmoja au miwili ili iwe ngumu. Ni kweli inakuwa ngumu: mizunguko 12 ikiwa 10, ugumu unapanda kwa asilimia 20. Lakini inakuwa fupi, inacheza ndani ya shokapu, na ncha iliyokatwa haikai sawasawa kwenye kitako chake. Kibaya zaidi ni kuichoma kwa gesi ili kuikunja ncha. Chuma cha springi kikishapata moto ule kinapoteza ugumu wake, na hukatika bila taarifa.

Wala jicho lisiaminiwe dukani. Ugumu hufuata unene wa waya kwa kasi kubwa sana. Springi mbili zenye upana na mizunguko sawa, moja ya waya wa milimita 7 na nyingine ya milimita 8, zinapishana kwa takriban asilimia 70. Milimita moja hiyo mtu haioni kirahisi, hasa ikiwa imepakwa rangi nzito. Jina la "CG" kwenye boksi nalo halitoshi. Pima urefu kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini, kwani shokapu ndefu huinua mkia, hubadilisha usukani na kuifanya stendi isifike vizuri chini.

Kupima ugumu hakuhitaji maabara. Simamisha springi juu ya mizani ya sahani, ya kupimia mazao, ibane kwa jeki chini ya boriti imara, ikiwa ndani ya bomba ili isiruke. Ibane milimita 10, soma kilo. Ibane nyingine 10, soma tena. Zikiongezeka kilo 20 kila mara, springi ni ya kilo 2. Zikipanda zaidi mara ya pili, hiyo ni springi ya mizunguko iliyobanana upande mmoja, laini mwanzoni na ngumu mbele, na kwa anayebeba mayai leo na mahindi kesho inafaa kuliko zote.

Chama cha msingi chenye mizani na jeki kinaweza kuwapimia wanachama wake kwa asubuhi moja. Waagizaji wa spea nao tunawataka waandike tarakimu hiyo kwenye boksi, kwani kiwandani inajulikana kabla springi haijatengenezwa. Na kwa wanaodhani hesabu hizi zinahalalisha lumbesa, hapana. Sheria ya vipimo imeweka kikomo cha kilo 100 kwa gunia, na mfano wetu umeishia hapo hapo.